Nani Anashika Mizani? Historia ya Mnyororo wa Biashara Hapa Nyeri

Wasee wa Mlimani, leo tuongee historia. Si ile ya kukariri majina ya magavana wa kikoloni ndio upite mtihani. Naongea historia ya vitu unavyoviona kila siku: lori la maziwa alfajiri, mizani ya chai kando ya barabara, reli ya Kiganjo, magunia ya viazi pale Karatina.

Siku hizi kila kampuni inatangaza kwamba imeboresha mnyororo wake wa ugavi. Neno lenyewe linatisha lakini maana yake ni rahisi. Ni njia yote ambayo bidhaa hupitia kutoka kwa anayeizalisha hadi kwa anayeitumia: nani anachuma, nani anapima, nani anabeba, nani anasindika, nani anauza, na pesa inarudi kupitia mfuko wa nani. Mteja akibadilika au teknolojia ikibadilika, njia hiyo nayo inabadilika. Watu wengi huishia hapo na kusema, "Huo ndio maendeleo."

Mimi nasema tusiishie hapo. Nyeri imeshuhudia minyororo hii ikijengwa na kubomolewa kwa karibu miaka mia moja, na kuna swali moja ambalo limeamua kila mara nani atabaki na kitu mfukoni. Nani anashika mizani na daftari?

Tuanze na reli.

Reli iliyopita kando

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Tawi la Thika likafika mwaka wa 1913. Miaka ya 1920 likaendelea kupanda kuja Karatina na Kiganjo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 treni ilikuwa Nanyuki. Angalia ramani uone kitu cha ajabu: reli haikuingia Nyeri mjini. Ilipita Kiganjo, ikaelekea kaskazini.

Sababu si siri. Huko juu ndiko kulikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, na walowezi walitaka nafaka, pamba ya kondoo na mifugo yao ifike Nairobi na bandarini. Wenyeji waliachiwa ardhi ya maeneo yaliyotengwa, wakalipa kodi, na wengi wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba hayo hayo. Treni ilipita karibu na shamba la guka, lakini haikujengwa kwa ajili ya mzigo wake.

Kwa hivyo somo la kwanza ni hili: teknolojia inaweza kufika kwenu bila kuwa yenu.

Kiwanda cha mboga cha Karatina

Hii stori ningependa ifundishwe katika kila shule ya Mathira.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, jeshi la Uingereza lilikuwa na askari wengi Mashariki ya Kati na walihitaji chakula. Mboga mbichi haiwezi kusafiri mbali hivyo bila kuoza. Suluhisho la wakati huo lilikuwa kuikausha. Ukitoa maji, mboga inakuwa nyepesi, inakaa miezi, na meli moja inabeba chakula cha watu wengi zaidi. Basi viwanda vya kukausha mboga vikajengwa Karatina na Kerugoya.

Fikiria maana yake kwa mkulima. Ghafla kuna mnunuzi anayetaka viazi na mboga zako kila wiki. Watu walipanda kwa bidii, wengine wakalima hadi mabondeni karibu na mito ndio wavune hata wakati wa kiangazi. Karatina ikakua na kuchangamka. Mji ambao leo unajulikana kwa soko lake ulipata nguvu nyingi kutoka kwa mnyororo huo.

Kisha vita vikaisha. Askari wakarudi makwao na mteja akatoweka. Kiwanda kikafungwa.

Wakulima hawakukaa kimya. Walitaka wakichukue kile kiwanda wakiendeshe wenyewe, maana walijua kulima, walikuwa na mazao, na mashine tayari zilikuwa pale. Serikali ya kikoloni ikakataa. Mashine zikang'olewa zikaondoka.

Hebu tulia hapo kidogo. Hawa si watu walioshindwa kubadilika. Walibadilisha mimea, ratiba na hata mahali pa kulima, yote kwa sababu ya mteja mmoja. Lakini mashine haikuwa yao, mkataba haukuwa wao, na soko hawakulijua. Mwenye mnyororo alipomaliza shida yake, aliukunja akaenda nao. Wanahistoria huutaja uchungu ule wa Karatina kati ya malalamiko yaliyorundikana katika eneo hili kabla ya Mau Mau. Watu wengi hudhani vita vile vilikuwa vya ardhi tu. Ardhi ndiyo ilikuwa kiini, lakini kuzuiwa kufanya biashara kwa jasho lako pia kulichoma.

Kahawa: nusu yetu, nusu yao

Sasa tuje kwa kahawa, maana hapo ndipo mambo yanachanganya zaidi.

Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda kahawa Kenya. Miaka ya 1930 serikali ililegeza kidogo kule Meru, Embu na Kisii, kwa vibali na idadi ndogo ya miche. Mlango ulifunguliwa zaidi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, uliotolewa katikati ya Hali ya Hatari. Mashamba yaliunganishwa, watu wakapimiwa vipande na kupewa hati, na kahawa ikaanza kuenea kwa wakulima wadogo. Waliotangulia kunufaika wengi walikuwa wale walioonekana watiifu kwa serikali, jambo ambalo familia nyingi huku bado zinalikumbuka.

Ukiangalia jinsi kahawa inavyofanya kazi utaelewa kwa nini vyama vya ushirika vilizaliwa. Cheri ikishachumwa haina subira. Inatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo, ichachuke, ioshwe kwa maji mengi, kisha ianikwe kwenye meza mpaka ikauke vizuri. Mkulima mwenye miti mia mbili hawezi kununua mashine ya kumenya peke yake. Kwa hivyo watu wakaungana, wakajenga faktori karibu na mito, na kila mtu akapeleka debe zake hapo. Ukisikia majina kama Gatomboya, Karogoto au Gichathaini, hizo ni faktori za aina hiyo. Leo majina hayo yanaandikwa kwenye pakiti za kahawa za bei kali huko Ulaya na Marekani.

Hapo wakulima walipata kitu ambacho watu wa mboga hawakupata: mashine ya kwanza kwenye mnyororo ilikuwa yao.

Lakini angalia kinachofuata. Kahawa ikitoka faktori bado ina ganda. Inaenda kwa msagaji kukobolewa na kupangwa kwa madaraja, AA, AB, PB na mengine. Inapewa wakala wa mauzo. Inafika mnadani Nairobi. Msafirishaji anainunua na kuipeleka Mombasa. Kule ng'ambo inakaangwa, inatiwa kwenye pakiti, na hapo ndipo bei inaruka. Katika hatua hizo zote mkulima hakuwepo. Pesa ilirudi kwa kushuka ngazi zile zile, na kila ngazi ilikata chake: kusaga, usafiri, wakala, chama, mkopo wa mbolea. Shosho alikuwa akichuma Novemba na kulipwa mwaka uliofuata, bila kujua kahawa yake iliuzwa lini wala kwa bei gani.

Bei ilipokuwa nzuri, hayo yalivumilika. Kulikuwa na makubaliano ya kimataifa yaliyogawia nchi viwango vya kuuza ili bei isianguke. Mwezi wa saba mwaka wa 1989 mfumo huo ukavunjika na bei ikaporomoka. Kenya, iliyokuwa imevuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ilianza kushuka, na miaka ya hivi karibuni imekuwa ikizunguka kwenye tani 40,000 hadi 50,000. Karibu na Thika na Ruiru mashamba mengine yamekuwa mitaa ya nyumba.

Miaka ya 1990 soko likaachiliwa huru, na vyama vikubwa vya Nyeri vikaanza kupasuka. Chama cha Mathira kikagawanyika, na vyama kama Barichu, Tekangu na Gikanda vikatokea. Kulikuwa na mivutano mikali, hata makabiliano. Wazee wengine wanasema ule mgawanyiko ndio uliua kahawa. Mimi siamini. Chama kikubwa chenye daftari lisilosomeka hakimsaidii mkulima kuliko chama kidogo chenye daftari wazi. Watu hawakuchoka na ushirika. Walichoka na kutojua.

Chai na maziwa: ukiwa ndani, unaona

Mtu atasema, "Basi ndivyo kilimo kilivyo, mkulima huumia tu." Hapana. Tuna mifano miwili hapa hapa nyumbani.

Wa kwanza ni chai. Kiwanda cha Ragati, karibu na Karatina, kilianza mwaka wa 1957 kuhudumia wakulima wadogo, na kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hiyo Kenya. Leo wakulima ndio wenye hisa katika kampuni za viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Kuna malalamiko? Tele. Kila mwaka mwezi wa kumi tunasikia kelele za bonasi. Lakini angalia wanachopigia kelele: wanataja bei ya kilo, wanalinganisha kiwanda na kiwanda, wanataka wakurugenzi wang'oke. Huwezi kugombana hivyo kama huna namba mkononi. Mizani ya elektroniki ilipoingia kwenye vituo vya kununulia chai, mkulima alipata risiti iliyochapishwa pale pale, kilo zake zikiwa zimeandikwa. Zamani karani angeweza kuandika kilo 11 badala ya 12 na ungebaki unanung'unika barabarani. Mizani haikuongeza majani hata moja, lakini ilipunguza wizi mdogo mdogo wa kila siku.

Wa pili ni maziwa. KCC ilianzishwa na walowezi mwaka wa 1925 na baadaye ikawa ndiyo soko karibu pekee la maziwa. Ilipoanza kuyumba na kuchelewesha malipo, wakulima walibaki na ndoo mkononi. Maziwa nayo hayangoji, jioni yamechachuka. Kule Mukurweini, mwaka wa 1990, kikundi kidogo cha wakulima kilianza kukusanya maziwa chenyewe na kutafuta wanunuzi chenyewe. Kilianza na lita chache tu. Kikakua, kikanunua mitambo ya kupoza, kikawa kampuni ya Wakulima Dairy ambayo leo inasindika maziwa. Mwaka wa 1992 serikali ilifungua soko la maziwa, na KCC yenyewe ilianguka kabla ya kufufuliwa kama New KCC mwaka wa 2003. Mukurweini hawakungoja waokolewe. Kabla jengo kubwa halijaanguka, wao walikuwa wameshajijengea kibanda chao.

Linganisha na Karatina ya miaka ya 1940. Ujuzi ni ule ule, bidii ni ile ile. Tofauti ni kwamba safari hii mtambo, hesabu na mteja vilikuwa mikononi mwa wale wale wanaokamua.

Ramani mpya

Sasa tufike kwa kizazi chetu, maana mnyororo unabadilishwa tena tukiwa tunaangalia.

Kwanza ni pesa. M-Pesa ilikuja mwaka wa 2007, na watu wakazoea kulipwa papo hapo. Mkulima wa kahawa ndiye aliyebaki akisubiri kama enzi za telegramu. Mwaka wa 2023 serikali ilileta mfumo wa malipo ya moja kwa moja kupitia Benki ya Ushirika. Pesa ya mnada inaingia mahali pamoja, kisha kila mmoja analipwa sehemu yake, msagaji, wakala, chama na mkulima, badala ya yote kupitia mfuko wa wakala kwanza. Mageuzi hayo yalileta vurugu sokoni mwanzoni, na bado watu wanabishana. Lakini mwelekeo ni sahihi, kwa sababu unapunguza idadi ya mikono inayoshika pesa yako kabla yako.

Pili ni ramani, na hapa naomba usikie vizuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka wa 2023 inayosema kahawa, kakao, mpira, soya, mafuta ya mawese, mbao na mazao ya ng'ombe visiingie kwao kama vimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Ili kuthibitisha hilo, muuzaji lazima aonyeshe shamba lenyewe lilipo kwa vipimo vya setilaiti. Shamba lisilozidi hekta nne, yaani karibu ekari kumi, linaweza kuwekewa alama moja tu ya mahali. Kubwa zaidi ya hapo linachorewa mipaka yote. Tarehe ya kuanza imeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kupima mashamba ilianza zamani. Vijana wenye simu wanapita shamba kwa shamba wakibonyeza.

Wazo la kulinda misitu ni zuri, na sisi tunaoishi chini ya Mlima tunajua misitu ikiisha mito inaisha. Lakini kahawa yetu nyingi huenda Ulaya, na mashamba ya Nyeri ni vipande vidogo vidogo. Vingi bado vina hati kwa jina la guka aliyefariki, na wajukuu saba wanalima bila karatasi. Shamba lako lisipokuwa kwenye ramani, kahawa yako haina mlango. Na likiwa kwenye ramani, nani anamiliki hiyo ramani? Kampuni ya kununua ikipima mashamba ya wanachama wote na kuondoka na data, chama kitamuuzia nani mwingine msimu ujao? Utakuwa umefungwa kwa mnunuzi mmoja bila hata kusaini mkataba.

Usidhani naongeza chumvi. Tumeshaona hii sinema kwa wakulima wa mishiri. Mwaka wa 1997 maduka makubwa ya Ulaya yalianzisha kanuni zao za kilimo, EurepGAP, ambazo tangu mwaka wa 2007 zinaitwa GlobalGAP. Zilidai rekodi za dawa, vyoo shambani, stoo na ukaguzi wa kulipiwa. Mashamba makubwa ya Timau na Naivasha yalimudu. Wakulima wadogo wengi waliachwa nje, si kwa sababu mishiri yao ilikuwa mibaya, bali kwa sababu hawakuwa na karatasi. Waliobaki wengi ni wale waliokuwa kwenye vikundi vilivyogawana gharama na kutunza rekodi pamoja.

Kwa hivyo tufanye nini?

Najua wengi wenu mko mjini, Nyeri, Nanyuki, Karatina au hata Nairobi, na shamba la kwenu ni mahali pa kwenda Krismasi. Lakini ninyi ndio mnaojua kutumia simu, na safari hii daftari liko ndani ya simu.

Ukienda nyumbani uliza maswali manne. Shamba letu limepimwa? Nani alilipima? Chama kina nakala ya data hiyo, au imebaki kwa kampuni? Na mkutano mkuu wa chama ni lini, maana mwanachama ana haki ya kuona hesabu? Shosho yako hatajua tofauti ya nukta na mpaka wa setilaiti, lakini wewe unaweza kukaa naye ukamsomea. Kama hati bado iko kwa jina la marehemu, anzisheni mazungumzo ya urithi mapema, kabla mnunuzi hajauliza.

Na wale wenye ndoto kubwa zaidi, angalieni upande wa mbele wa mnyororo, kule bei inakoruka. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi pale Nyeri kina shamba la kahawa na kinakaanga kahawa yake chenyewe. Tunakaa katikati ya baadhi ya kahawa bora duniani, na bado ukiingia vibanda vingi mjini unawekewa kijiko cha unga wa kopo. Soko la kwanza ambalo hakuna mtu wa nje anaweza kung'oa mashine zake ni sisi wenyewe tunaokunywa.

Kampuni zitaendelea kubadilisha minyororo yao. Ni kazi yao, na haziwezi kuomba ruhusa kwa kila mtu. Wakulima wa Mathira hawakuwa na nafasi ya kumwambia mwenye kiwanda chochote, maana hata kiti mezani hawakuwa nacho. Sisi tunacho, ni vile tu mikutano ya vyama imejaa wazee watupu na viti vya vijana viko tupu.

Niambie kwa maoni: kwenu ni chama gani, na shamba limeshapimwa?